Huo Ukungu Umemeza Jikoni kwa Shosho

Niko na picha 43 za Shosho akiwa jikoni kwake, na hakuna hata moja inayoonyesha jikoni.

Nilizipiga Desemba ya 2021, ushago Murang'a, na lenzi mpya ambayo nilikuwa nimelipa pole pole kwa miezi mitano. Uso wa Shosho uko wazi hadi unaweza kuhesabu kope. Nyuma yake kuna kitu cha kahawia kimeyeyuka kama chai iliyomwagika kwa kitambaa. Hicho kitu cha kahawia ndicho kilikuwa jikoni. Mafiga matatu, rafu ya mbao ya sufuria, ukuta uliopakwa moshi tangu mathe akiwa mdogo, kalenda ya duka fulani ya mwaka ambao hata duka lenyewe halikumbuki. Vyote viko pale kwa picha, na vyote vimefutwa.

Mvua za masika ya 2024 zikaloesha ule ukuta hadi ukainama. Anko akaamua kuubomoa kabla haujaangukia mtu. Sahii pale pamejengwa jiko la mawe, liko na gesi na dirisha la vioo. Ni poa, Shosho hakohoi tena. Lakini nilipomchapishia picha moja kubwa ya lile jiko la zamani, nikaitia kwa fremu na kumpelekea, aliishika akaisogeza karibu na dirisha, akaniuliza kwa Kikuyu, "Na hii ulinipigia wapi?"

Nikamwambia, jikoni, Shosho. Jikoni ya zamani.

Akaangalia tena. "Hapana. Hapa niko kwa ukungu."

Kwa hivyo ndiyo, niko na hasira. Ya kwanza ni yangu mimi mwenyewe. Ya pili ni ya kila msee anayefundisha vijana kupiga picha kwa kuanza na hiyo mambo ya kutia ukungu nyuma, na leo nitaisema yote, mkitaka mnune.

Wacha niwaambie vile nilifundishwa. Nililipa ngiri tatu na nusu kwa darasa la Jumamosi moja pale tao. Tulikuwa kama ishirini, wengine na kamera za kuazima, wengine na simu. Saa ya kwanza mwalimu aliongea juu ya lenzi gani tununue. Jibu lilikuwa moja, 50mm yenye f/1.8, kwa sababu ni rahisi na "inatoa nyuma." Saa ya pili akatuchorea ile gridi ya mistari minne kwa ubao, akasema weka mtu kwa mstari, usiwahi kuweka mtu katikati. Halafu tukaenda nje tukapiga picha za msichana mmoja aliyevalia vizuri akiegemea ukuta. Picha zote ishirini zilitoka sawa. Msichana kwa mstari wa kushoto, nyuma rangi zimeyeyuka. Tukapigiana makofi.

Hakuna mtu hata mmoja alituuliza: huyo msichana yuko wapi? Nyuma yake kuna nini? Na hicho kilichoko nyuma kinasema nini juu yake?

Hilo ndilo swali la kwanza la kupanga picha. Si la kumi, si la wale wameendelea. La kwanza. Picha ni mstatili, na wewe ndiye unaamua nini kitaingia na nini kitabaki nje. Kila kitu kilichoingia kitasomwa na mtu. Ukitia ukungu nusu ya huo mstatili, hujapanga chochote, umekataa tu kupanga.

Najua mtasema nyuma kukiwa na fujo, mtu anapotea. Ni kweli. Kaeni hapo, kwa sababu hapo ndipo darasa linafaa kuanza.

Enda pale Archives saa saba mchana. Msimamishe rafiki yako kwa ile nafasi ya mbele, sanamu ya Tom Mboya ikiwa karibu. Mpige vile tu umesimama. Utapata mlingoti wa taa umemea kichwani mwake kama pembe, bango la nguo limekata shingo, mguu wa mtu asiyejulikana umeingia kona ya kulia, na matatu ya rangi ya chungwa imekula shati lake la chungwa. Fujo kabisa. Sasa mwenye ule mtindo wa kisasa atafanya nini? Atawasha potreti modi, fujo yote iyeyuke, aseme, "Umeona?"

Mimi nakwambia usiguse simu. Guso la kwanza ni la miguu. Hatua moja kulia, mlingoti unatoka kichwani. Piga goti, kichwa kinapanda juu ya bango na kukaa kwa anga, ambayo ni tupu na nyeupe, na nywele zake nyeusi zinasimama zenyewe bila kuombwa. Ngoja sekunde kumi, ile matatu ya chungwa inaondoka na inakuja ya kijani. Angalia kona zote nne kabla ya kubonyeza, ule mguu unauona, unasogea inchi mbili. Umemaliza. Mtu ametoka wazi na bado tuko Nairobi. Archives iko pale nyuma na nguzo zake, Mboya yuko pale, saa saba iko pale kwa vivuli vifupi chini ya miguu.

Mtu hatenganishwi na nyuma yake kwa ukungu peke yake. Anatenganishwa na mwanga: kitu cheusi kwa kitu cheupe, au cheupe kwa cheusi. Anatenganishwa na rangi: leso nyekundu mbele ya mabati ya kijivu, huwezi kuikosa hata ukitaka. Anatenganishwa na nafasi, yaani kumwachia hewa kidogo kuzunguka kichwa na mabega ili hakuna kitu kinachomgusa kwa bahati mbaya. Na anatenganishwa na umbali, ukimsogeza mbali na ukuta, ama ukisogea wewe. Hizi zote ni za bure. Hakuna duka Luthuli inaweza kukuuzia hatua moja kulia. Nadhani ndiyo maana hazifundishwi.

Ngoja tuongee kidogo kuhusu vile huo ukungu unatengenezwa, kwa sababu wengi wenu mnautumia na hamjui.

Kwa kamera ya kawaida, ukungu unatoka kwa tundu la lenzi likiwa wazi sana, wewe ukiwa karibu na mtu, na nyuma ikiwa mbali. Ile siku jikoni nilikuwa kama mita moja na kidogo kutoka kwa Shosho, 50mm, f/1.8, kamera yangu ile ya sensa ndogo ya wanaoanza. Fanya hesabu: sehemu iliyo wazi hapo ni kama sentimita nne. Nne! Jicho la mbele likiwa kwa fokasi, sikio limeshaanza kuyeyuka. Nilikuwa nimesafiri masaa, nimekaa na nyanya yangu kwa nyumba aliyopikia watoto saba, halafu nikaamua kuhifadhi sentimita nne za hiyo siku.

Na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, ile kila mtu aliniambia ni ya washamba, ilikuwa kwa begi. Kwa 18mm na f/8, ukiweka fokasi kwa mita mbili, kila kitu kuanzia kama mita moja hadi ukuta wa mwisho kinakuwa wazi. Shosho, mafiga, rafu, kalenda. Kila kitu. Ndiyo, jikoni lilikuwa giza, na f/8 inataka mwanga. Ningeweka kamera juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikapandisha ISO hadi 3200, picha ingetoka na chembechembe. Sawa. Chembechembe hazijawahi kubomoa jikoni ya mtu.

Kwa simu ni kitu ingine kabisa. Sensa ya simu ni ndogo sana, kwa hivyo kwa kawaida inaona karibu kila kitu wazi, mbele na nyuma. Hiyo ni zawadi. Kampuni za simu zikaona hiyo zawadi ni aibu, kwa sababu haifanani na kamera ghali. Mwaka wa 2016 Apple ikaleta potreti modi na iPhone 7 Plus, na siku hizi hata simu ya bei ya chini iko nayo. Hapo hakuna lenzi inafanya kazi hiyo. Ni programu inakisia wapi mtu anaishia, inamkata kama mkasi, halafu inapaka nyuma ukungu wa kubuni. Na mkasi wenyewe si mkali. Muulize msichana yeyote mwenye afro vile hiyo modi inamnyoa pembeni. Muulize mwenye hereni kubwa za duara kama ile nafasi katikati ya hereni haijabaki imeganda kama kioo. Tumekubali kunyolewa na simu ili tuonekane tuna kamera.

Lakini sababu kubwa si hiyo, na wacha niseme ile hatupendi kusema. Tunatia ukungu kwa sababu tunaona aibu.

Angalia picha zetu. Mtu anaishi Kayole, Dandora, Umoja, Githurai, Huruma. Amevaa vizuri, amesimama kwa korido ya ploti kwa sababu hapo ndipo mwanga mzuri wa saa kumi na moja unapita. Nyuma yake kuna kamba za nguo, mitungi ya maji ya njano imepangwa, mtoto wa jirani anachungulia, waya za stima zimefungana kama nywele za Jumatatu asubuhi. Anatia ukungu. Sasa anaweza kuwa Lavington. Anaweza kuwa Dubai. Anaweza kuwa popote, na popote ni jina lingine la hakuna mahali. Ukipitisha kidole kwa simu utadhani sisi wote tunaishi kwa jiji moja lililotengenezwa na mipira ya mwanga.

Mimi pia nilifanya hivyo. Sikutia ukungu jikoni kwa sababu mwalimu alisema tu. Nilitia ukungu kwa sababu nilijua nitaiweka picha mahali wasee wa chuo wataiona, na ukuta mweusi wa moshi haukuwa kwa mpango wangu. Shosho hakuwahi kuona aibu ya ule ukuta. Mimi ndiye niliona, kwa niaba yake, bila kumuuliza.

Na cheki vile wazee wetu wa kamera walifikiria hii mambo ya nyuma. Seydou Keïta, Bamako, Mali, alifungua studio yake 1948. Kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, lenye nyuzi za kuning'inia. Baada ya miaka kadhaa anabadilisha anaweka kingine cha maua, halafu kingine. Miaka mingi baadaye, alipotaka kujua picha fulani ni ya lini, aliangalia kitambaa. Nyuma ya picha ndiyo ilikuwa kalenda yake. Na picha zake watu wamevaa nguo za maua mbele ya kitambaa cha maua, fujo juu ya fujo, na bado hakuna hata mtu mmoja amepotea. Kwa nini? Kwa sababu alijua kuweka uso na mikono, na alijua kutumia mwanga wa jua pale uani.

Ama uje hapa nyumbani. Wale wapiga picha waliokuwa Likoni, Mombasa, karibu na feri, walikuwa na vibanda vidogo vilivyochorwa meli, ndege, magorofa. Mtu anatoka bara, amefika pwani kutafuta kazi, anasimama mbele ya meli iliyochorwa, picha inarudi nyumbani kwa bahasha. Unaweza kucheka hizo michoro. Lakini yule mteja alichagua nyuma yake. Alisema, hapa ndipo nataka mnione. Sisi na simu zetu za ngiri thelathini tunachagua kutoonekana popote.

Kuna upande mwingine, mbaya zaidi, na huu unanikasirisha hata kuliko mambo ya Shosho. Ni zile picha za watu wa nje na wenzetu wanaolipwa na watu wa nje. Unajua zile. Mtoto wa Kibera ama Mathare, uso umejaa fremu, macho makubwa, kamasi, nyuma imeyeyuka. Kila mtu anasema ni picha yenye nguvu. Nguvu gani? Imeniambia mtoto ana huzuni. Haijaniambia kwa nini. Labda nyuma yake kulikuwa na bomba lililokatwa. Labda kulikuwa na tingatinga na nyumba iliyobomolewa jana usiku. Labda kulikuwa na mama yake akicheka na majirani na mtoto amenyimwa mandazi tu. Ukungu umemfanya awe mtoto wa huzuni wa kila mahali, tayari kwa bango la kuchangisha pesa. Mwenye kosa, kama yupo, ameyeyushwa pamoja na ukuta.

Linganisha na kazi ya Mohamed Amin, mtu wa Nairobi, kule Korem, Ethiopia, 1984. Ile ripoti yake na Michael Buerk wa BBC ilienda hewani tarehe 23 Oktoba mwaka huo na dunia ikasimama. Hakukaa kwa uso mmoja peke yake. Alionyesha uwanda. Alfajiri, baridi, watu wamejaa hadi kamera haifiki mwisho wao. Huo uwanda ndio ulikuwa habari. Hebu fikiria angeutia ukungu.

Na hapo hapo, urefu wa kamera. Mama mboga ameketi kwa kigoda, wewe umesimama na futi zako sita, unampiga kutoka juu. Unachopata ni utosi na mikono, mtu mdogo anayeangalia juu kama anaomba. Chuchumaa. Inachukua sekunde mbili na magoti kidogo. Lenzi ikifika usawa wa macho yake, ghafla ni mwenye biashara, na nyanya zake zimepangwa mbele kama mafungu ya pesa, na ile barabara nyuma yake inaonyesha wateja wanatoka wapi. Halafu msalimie kwanza, umuulize kama unaweza kumpiga. Ungeanza na hapo, kabla hata ya magoti.

Sasa gridi. Sitaki mseme nachukia gridi, mimi huiwasha kwa simu kila siku, inanisaidia kuweka upeo usilale upande. Ninachochukia ni vile inafundishwa kama amri iliyoshuka mlimani. Hilo jina la kanuni ya theluthi tunalipata kwa kitabu cha 1797 cha Mwingereza anaitwa John Thomas Smith, akiongea juu ya michoro ya mashamba, vile mwanga na giza na anga na ardhi vigawanywe kwa mchoro. Ni maoni ya mtu wa michoro kabla kamera haijakuwako. Maoni mazuri. Lakini si sheria ya trafiki.

Iko na sababu moja kubwa ya kufanya kazi, na hiyo sababu ndiyo tufundishwe. Mtu akiangalia kulia, mwachie nafasi kulia. Ukimbana pua kwa ukingo wa picha, anaonekana amefungiwa kwa lifti. Kumweka kwa mstari wa kushoto kunampa hewa ya kutazama. Basi. Kama anakuangalia wewe moja kwa moja, anaweza kukaa katikati na hakuna askari atakuja. Matatu ukiipiga kutoka mbele, pua kwa pua, taa mbili, vioo viwili, michoro imelingana pande zote, ukiiweka kwa theluthi umeiharibu. Iko katikati kwa sababu ilitengenezwa ikae katikati. Na ukiweka mtu kwa mstari halafu zile theluthi mbili zingine hazina kitu ila ukungu, nimeuliza, umepanga nini? Umepangisha chumba na hakuna mtu anaishi.

Mambo ya mistari ya kuongoza jicho ni hivyo hivyo. Kila mtu amepiga nguzo za Expressway tangu ifunguliwe 2022. Nguzo zinakimbia mbali, jicho linakimbia nazo, linafika mwisho, na hakuna kitu pale. Mstari ni boda. Kama hakuna mahali anakupeleka, amekula pesa yako. Weka mtu mwisho wa mstari, hata mdogo kama punje. (Na tafadhali, wacheni reli. Najua mistari yake ni mizuri. Treni nayo haipigi breki kwa sababu uko na luku.)

Nimeshaona jibu linakuja: "Ukungu unalinda watu wengine, si kila mpita njia anataka kuwa kwa picha yako." Hii naikubali, na ndiyo hoja pekee ya upande wenu inayonifanya nikae chini. Tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na picha ya mtu anayetambulika ni data yake. Mwaka wa 2023 Kamishna wa Data alitoza faini ya mamilioni kwa shule moja iliyotumia picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kwa klabu moja iliyoweka picha ya mteja. Si mchezo. Kwa hivyo kama nyuma yako kuna watoto, ama kuna mtu yuko kwa foleni ya kliniki, futa, ama bora zaidi, geuka. Lakini tusidanganyane. Ile korido ya ploti yenye mitungi ya maji haikuwa na faragha ya mtu. Mitungi haijakataa kupigwa picha.

Mwingine atasema, wateja wanataka ukungu. Harusi bila ukungu hawalipi. Sawa, wape wachache, kodi ni kodi. Mimi pia hupiga harusi. Lakini nimeanza kitu: kwa kila harusi napiga angalau picha kumi pana, wazi, za mahali. Uwanja, hema, sufuria za pilau nyuma, wazee kwa viti vya plastiki, gari zimeegeshwa kwa mahindi. Hawaziitishi siku hiyo. Mwaka ukipita, nikikutana nao, wanaulizia hizo. "Ile uliona guka amekaa chini ya mwembe." Guka hayuko tena, na mwembe umekatwa kwa sababu ya barabara.

Kwa hivyo kama unaanza, na mtu amekwambia nunua lenzi, usinunue kitu kwa mwezi mzima. Chukua simu uliyo nayo, zima potreti modi, msimamishe rafiki mahali pamoja na asisogee. Piga picha kumi na mbili kwa kusogea wewe tu. Karibu, mbali, goti, kidole cha mguu, kushoto, kulia, kupitia mlango, kupitia dirisha la matatu iliyosimama. Kwa kila moja jiulize nini kimemea kichwani mwake, na nini kiko kwa kona nne. Halafu mpe rafiki zile picha, na umuulize swali la Shosho: hapa ni wapi? Kama hawezi kujibu kwa picha tatu ama nne, rudi upige tena.

Nilikuwa nimefikiria niishie hapo, lakini kuna kitu kilitokea Pasaka iliyopita.

Anko alikuwa anatafuta cheti cha kuzaliwa kwa sanduku la mabati la Shosho, akatoa picha moja imejikunja. Nyuma imeandikwa kwa kalamu, Krismasi 1988. Ilipigwa na mmoja wa wale wapiga picha waliokuwa wanazunguka vijiji na kamera ndogo ya plastiki na flashi, unalipa, anarudi na picha baada ya wiki mbili. Kamera rahisi kabisa, lenzi isiyobadilika, kila kitu kwa fokasi kwa sababu haikujua kufanya ingine. Haijapangwa vizuri. Anko amekatwa miguu, mathe amefunga macho, na kivuli cha flashi kimekaa kwa ukuta kama mtu wa ziada.

Na nyuma yao, wazi, kuna jikoni. Mafiga matatu. Rafu, na sufuria ngapi unaweza kuhesabu, sita. Mlango wa kuni. Kalenda, si ile ninayoijua mimi, nyingine ya zamani zaidi. Kuku mmoja mweupe amesimama juu ya gunia kama ndiye mwenye boma.

Nikampa Shosho. Hakuuliza ni wapi. Aliweka kidole kwa yule kuku, akacheka hadi akashika kifua, akaanza kutuambia aliibiwa na nani.